Bwawa letu lilipasuka, sasa limejaa tena. Tusubiri, au tumwage vifaranga?

Mshipi wa Dom (mwanzisha uzi)

Wakuu, mbukwenyi. Naomba ushauri, na mnivumilie maana maelezo ni marefu.

Naishi Dodoma mjini, kazi yangu ni ya mezani, Jumamosi navua kwa ndoano. Siuzi. Tulianza watatu, sasa tuko kumi na mmoja: fundi wa friji, walimu wawili, dereva wa serikali, mchanganyiko tu. Tumekuwa tukivua kwenye bwawa la kijiji kimoja upande wa Chamwino. Jina naliacha, maana humu kuna watu wa kule na sitaki ugomvi. Ni bwawa la kunyweshea ng'ombe, lakini lilikuwa na perege wa kujaza kiganja na vidole vikabaki vimefunikwa, na kambale wa kukuvunjia fito.

Msimu wa mvua wa 2023/24, ule wa El Niño, tuta likapasuka pembeni ya utoro, ile njia ya kutolea maji yanayozidi. Nilifika siku ya tatu. Pale penye maji palibaki bakuli la tope rangi ya chai ya maziwa, na korongo la chini limejaa miti, mabati na mzoga wa ndama. Kwenye kidimbwi kimoja, ukubwa wa beseni la kufulia, walikuwemo perege kama arobaini wamelala ubavu, midomo juu. Nilimshika mmoja nikamfunua shavu. Matamvua yote udongo, kama brashi iliyochovywa kwenye rangi. Nikamrudisha majini huku najua najidanganya.

Kijiji kikafunga uvuvi. Kiangazi kilichofuata tuta likazibwa kwa nguvu za wananchi, na sisi wa mjini tukapeleka mifuko kumi na minne ya saruji. Msimu uliofuata bwawa likajaa nusu. Mwaka huu limejaa mpaka maji yametoka utoroni, na ndipo matatizo yangu yalipoanza.

Mimi ndiye mweka hazina. Tulikuwa tunachanga kila mwezi tukisubiri, zimefika shilingi 1,140,000. Sasa kundi limegawanyika. Kuna wanaotaka tumwombe mwenyekiti wa kijiji afungue hata kesho. Kuna wanaotaka tununue vifaranga vya sato 5,000, na muuzaji wameshampata, anataka shilingi 200 kwa kimoja na usafiri juu yetu. Mimi na mwalimu mmoja tunasema tusubiri, ila tukiulizwa tunasubiri nini hasa, tunabaki kutazamana. Juzi kwenye kundi mtu ameandika "wengine wamekalia hela". Hakunitaja. Hakukuwa na haja.

Maswali yangu: utajuaje bwawa limepona? Inachukua muda gani? Na hizi hela nifanyie nini kabla sijaitwa mwizi?

---

Kigoda Mbele

Nimeweka kigoda. Uzi mzuri huu.

---

Babu Chelezo

Mwanangu, pole. Nimevua Hombolo tangu nikiwa na meno yote, na lile bwawa ni la mwaka 1957, kwa hiyo tumezeeka pamoja.

Nyie mnauliza kalenda. Samaki hana kalenda. Nenda asubuhi na mapema kabla ng'ombe hawajashuka, kaa upande wenye maji haba, tulia. Usivue. Tazama mambo haya. Kwanza ndege. Mdiria akirudi na kukaa kwenye tawi lile lile siku tatu, jua kuna vidogo vya kula, maana yule hakai mahali pa njaa. Mnandi akija, kuna wakubwa kidogo. Pili tazama chini. Perege dume huchimba shimo la mviringo kama sahani, mengine yanafika ukubwa wa ungo, analilinda kwa ugomvi. Ukiona mashimo hayo, hapo pana nyumba na harusi. Usipoyaona mwezi wa jua kali na maji ya vuguvugu, hata umwage vifaranga lori zima, umewapeleka msibani.

La tatu nitakuuliza wewe. Hilo tope la bwawa, ukikanyaga linakufika wapi?

---

Mshipi wa Dom

Shikamoo Babu. Upande wa tuta linafika kwenye kifundo. Upande mto unakoingilia nilizama hadi magotini, nikaacha ndala moja huko. Zamani pale palikuwa na mchanga, tulikuwa tunasimama.

---

Babu Chelezo

Marahaba. Basi jibu lako liko kwenye hiyo ndala. Wacha wataalamu waje.

---

Fundi Kidimbwi

Nipo kwenye ufugaji wa samaki huu mwaka wa tisa, naongea kama mfugaji, sio kwa niaba ya ofisi yoyote.

Mkuu, kabla hujatoa hata shilingi, muulize huyo muuzaji swali moja: vifaranga vyako ni mchanganyiko au ni madume watupu? Wafugaji wengi tunanunua madume watupu. Wanakua haraka na hawajazani bwawani, maana hawazai. Kwenye kidimbwi changu ni sawa kabisa, nafuga miezi sita au zaidi kidogo, navuna, nanunua wengine. Kwenye bwawa la kijiji ni hasara tupu. Utamwaga 5,000, kambale watakula sehemu yao, ndege watakula sehemu yao, mtavua waliobaki na hadithi inaishia hapo. Hakuna mtoto hata mmoja wa sato. Umenunua kitoweo cha bei ghali na mwakani mnaanza kuchanga upya.

Na wakiwa mchanganyiko ndiyo mbaya zaidi, ingawa watu hawapendi kusikia. Sato asili yake ni mto Nile, hata Ziwa Victoria alipandikizwa. Kama korongo lenu linaangukia Kinyasungwe, mko bonde la Wami, na lina perege wake wa asili. Hawa wawili ni ndugu, wanapandana. Baada ya miaka michache hamna perege wala sato, kuna machotara. Ukishachanganya huwezi kuchambua. Ndiyo maana kupandikiza samaki kwenye maji ya asili kunahitaji kibali, sio kuamua kwenye kundi la simu. Nenda kwa afisa uvuvi wa halmashauri na muhtasari wa kijiji mkononi. Kama kweli itaonekana mnahitaji mbegu, ulizia perege wa bonde hilo hilo, hata wakitoka bwawa la jirani.

Kuhusu muda: perege akiwa na maji mazuri na chakula, anaweza kuanza kuzaa ndani ya nusu mwaka. Mama anabeba mayai mdomoni, na watoto wakishaanguliwa bado anawameza wakiona hatari na kuwatema ikipita. Kwa hiyo hahitaji wewe umletee vifaranga. Wakibaki wazazi ishirini kwenye vidimbwi vya juu, misimu miwili inatosha wakujaze. Anachohitaji ni sehemu ngumu ya kuchimba shimo, na maji anayoweza kuona na kupumua.

Kipimo cha bure: ingiza mkono polepole hadi kwenye kiwiko, kiganja kikiwa wazi. Kiganja kikipotea karibu na kiwiko, maji yakiwa na kijani kijani, hicho ni chakula, shukuru. Kikipotea kwenye kifundo cha mkono na maji ni ya kahawia, hilo ni tope, na sio la mwaka juzi. Ni la leo. Kuna mahali linaingia.

---

Kokoro Hapana

Mnazunguka mbuyu. Kijiji kimefunga uvuvi, sawa. Usiku nani yuko bwawani?

---

Mshipi wa Dom

@Fundi Kidimbwi asante sana, hilo la madume watupu sikuwahi kulisikia. Nimempigia muuzaji muda huu. Amesema "ni madume bora kabisa kaka, wanakua kama nguruwe". Nikamwambia asante nikakata.

@Kokoro Hapana umenigusa kidonda. Mwezi uliopita tulikuta alama za kamba zimeburuzwa ukingoni, na vidogo vya ukubwa wa kidole vimetupwa kwenye nyasi. Ni kokoro hilo, wavu wa kukokota, hakuna ubishi. Tunajua ni nani. Sio wageni.

---

Kokoro Hapana

Basi funga uzi. Utasubiri mpaka uote mizizi.

---

Sauda wa Mtera

Habari zenu. Mimi nauza samaki Mtera, wa kukaanga na wa kukausha, pale barabara ya Iringa. Nimesoma uzi wote nikacheka kidogo, samahani.

Nyie mnavua mkiwa mmeshiba. Huyo anayeburuza kokoro usiku ana watoto wanaosubiri asubuhi. Simtetei. Kokoro ni marufuku kisheria, na kwetu limetuumiza. Linakokota na mayai na magugu na kila kitu, na yale mashimo anayosema Babu linayasawazisha kama reki. Nasema tu kwamba mkiwaita wanakijiji wezi wa bwawa lao wenyewe, siku mtakayokuja na fito zenu na kofia, mtakuta matairi ya gari hayana upepo.

Kaeni nao. Muulizeni anataka nini. Sisi tuna kikundi cha ulinzi wa rasilimali, ile BMU, na waliokuwa wakorofi wa kokoro ndio walinzi wazuri, wanajua saa na njia. Ila ukimfanya mlinzi, mlipe. Bwawa dogo kama lenu halina BMU, lakini kamati ya maji ya kijiji ipo. Hela yenu ingeanzia hapo.

Na wakati mnasubiri njooni Mtera, ni kama kilomita 120 tu kutoka Dodoma. Perege wapo, kambale wapo, ngogo wapo wa kuwachoma vidole. Kaulizieni leseni kwanza, msishuke tu na fito. Msisimame majini, mamba na viboko hawaombi kitambulisho.

---

Namba Nane

Dada Sauda umemaliza 😂 Mimi ni mmoja wa hao wenye kofia.

---

Mlevi wa Kambale

Mnamsahau kambale. Mafuriko kwake ni sikukuu. Mvua za kwanza zikipiga anapanda kwenye majani yaliyofurika, anataga humo, na mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja na ushee kama kuna joto. Anavuta hewa ya juu, kwa hiyo tope lililoua perege yeye limemkuta anapiga miayo. Nenda Bahi ukaone, bwawa la Sulunga likikauka watu wanamkuta kwenye matope, likijaa tena anaonekana kama hajawahi kuondoka.

Ushauri wangu: fungueni kwa kambale peke yake. Ndoano kubwa, chambo chini kabisa, utumbo wa kuku au sabuni ya mche. Perege hataigusa. Na kwa kumpunguza kambale mnawasaidia perege wadogo wasiliwe.

---

Fundi Kidimbwi

Hapo nusu nakubali, nusu nasita. Ni kweli kambale anakula vidogo. Lakini ukifungua kwa kambale, mtu atakayekuja na ndoano ndogo na nyungunyungu utamtambuaje ukiwa upande wa pili wa bwawa? Labda iwe siku maalumu na mtu wa kijiji awepo.

---

Mlevi wa Kambale

Jumamosi asubuhi, mtu wa kamati yupo, kila fito inakaguliwa. Ni watu kumi na mmoja jamani, sio bandari.

---

Mnyalu wa Ughaibuni

Naingia kidogo kutoka mbali. Nipo Marekani, North Carolina, huko milimani magharibi. Mwezi Septemba 2024 kimbunga Helene kilipita hapa na mito ikapanda kwa namna ambayo wazee wa huku walikuwa hawajaiona. Huku wanavua trauti, samaki wa mito ya baridi, na ni watu wa kichaa na trauti wao kuliko nyie na perege. Kituo cha serikali cha kuzalisha trauti kiliharibiwa vibaya, na mito mingine ilibaki mawe na vyuma vya magari.

Nilichojifunza kwa kuwatazama ni kwamba kila samaki ana jambo lake la kusubiriwa. Trauti anataga kwenye changarawe. Anafukua, anaacha mayai, anayafunika, na mayai yanakaa humo wiki nyingi yakipumua kwa maji baridi yanayopita kati ya vijiwe. Tope laini likiziba nafasi za vijiwe, mayai yanakosa hewa. Kwa hiyo huku mvuvi mjanja haulizi kama samaki wapo. Anapindua jiwe kutazama wadudu wa majini wamerudi, na anaangalia changarawe kama imesafishika. Samaki wa kumwaga kutoka kwenye lori wanamfurahisha mtu wiki mbili tatu, lakini mto unaojizalia wenyewe ni hesabu nyingine. Hata ubishi wenu wa sato na perege upo huku: trauti mzawa wa milima hii ni mmoja tu, wale wa upinde wa mvua na wa kahawia waliletwa, na watu wanagombana hivyo hivyo.

Jambo moja tu nawapa. Baada ya mafuriko huku watu walisafisha mito kwa mashine kubwa, na kuna mahali wakatoa hata magogo na kona ambazo samaki walikuwa wanajifichia. Mto ukabaki safi kama mfereji wa mtaani. Hayo matawi yaliyozama bwawani kwenu, msiyatoe yote kwa hamu ya usafi. Kokoro nalo likikutana na matawi linachanika, kama mnanielewa.

---

Kokoro Hapana

Hilo la mwisho nimelielewa kuliko yote. Matawi ya miiba, zamisha usiku, usiseme na mtu 😎

---

Sauda wa Mtera

Na ng'ombe wanaokunywa hapo? Na watoto wanaooga? Kokoro Hapana, wewe una hasira tu. Kama ni matawi, yawekwe mchana, kijiji kikiwa kinaona, mbali na mahali pa kunyweshea.

---

Mrangi Mstaafu

Vijana, salaam. Mimi wa Kondoa. Nimesubiri nione kama kuna mtu atapanda mlima, wote mmekaa bwawani.

Mtoa mada alisema amezama magotini pale mto unapoingia, na Fundi amesema tope ni la leo. Sasa nani amekwenda kutazama linakotoka? Bwawa la Dodoma haliugui peke yake, linaugua korongo lililo juu yake. Muulizeni mzee yeyote wa Chamwino habari za Bwawa la Ikowa na mchanga wake.

Kwetu Kondoa ardhi ilikuwa imeliwa mpaka mifupa. Mwaka 1973 ukaanza mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma. Wakachimba makinga maji, wakapanda miti, lakini mifugo ikaendelea kupita juu ya kazi ile ile. Mwaka 1979 serikali ikaamua ng'ombe wote watoke kwenye eneo lililoharibika. Nilikuwa kijana, baba yangu alipeleka mifugo kwa shemeji yake mbali, na nyumbani maziwa yakawa ya kununua. Watu walinuna sana, na sisemi ilikuwa haki kwa kila mtu. Lakini nyasi zilirudi zenyewe. Hakuna aliyepanda nyasi zile. Makorongo niliyokuwa naruka nikiwa mtoto yakaanza kufunga midomo.

Hamuwezi kufukuza ng'ombe wa watu, na msijaribu. Ila mnaweza kupanda na huo mto mdogo kilomita mbili tatu mkiwa na mwenye mashamba, mkatafuta korongo linalomwaga zaidi. Mara nyingi ni moja au mawili, hasa njia ya ng'ombe iliyogeuka mfereji. Wekeni vizuizi vya mawe, vifupi vifupi na vingi, sio kimoja kirefu kama ukuta wa benki, kitasombwa. Kando pandeni mkonge na mabingobingo. Mnywesho uwe mmoja, umepangwa mawe, ng'ombe wasikanyage ukingo mzima. Na sheria inasema mita 60 kutoka ukingo wa maji hakuna shughuli za kudumu. Nendeni na futi mkapime mashamba yanaanzia wapi, bila kumtaja mtu.

Hiyo 1,140,000 inanunua kuvunja mawe na chakula cha watu wa kazi. Vifaranga ni kama kumpa mgonjwa wa kuhara pilau.

---

Namba Nane

Mzee ametoboa. Pilau 😂😂

---

Jirani Mwenye Shaka

Mimi niwe upande wa wabishi kidogo. Makinga maji, kamati, mkonge, futi, vyote vizuri. Lakini mtoa mada alisema watu kumi na mmoja wamechanga miaka miwili ili WAVUE. Ukiwaambia sasa hela inakwenda kupanga mawe, nusu watajitoa na wataomba hela yao. Una jibu, mweka hazina?

---

Mshipi wa Dom

@Jirani Mwenye Shaka sina. Na wawili wameshaomba.

@Mrangi Mstaafu shikamoo mzee. Jumamosi napanda na mto. Nitaleta majibu. Mjomba wangu aliyenifundisha kuvua anaishi kijiji cha pili, nitakwenda naye, yeye kila mwenye shamba ni mtani wake.

---

Babu Chelezo

Nenda na viatu vya kufunga. Ndala ulishatoa sadaka. Na hayo maji ya bwawa usiyasimamie muda mrefu. Kichocho Hombolo tunakijua, sidhani kama kwenu kina likizo.

---

Mshipi wa Dom

Wakuu, ni wiki tatu zimepita. Nimerudi na majibu, nisameheni kwa kuchelewa.

Tulipanda na mto, mimi, mjomba na yule mwalimu. Mzee wa Kondoa, ulikuwa kama upo. Korongo ni moja. Ni njia ya ng'ombe iliyokuwa ya upana wa mlango nikiwa mdogo, sasa pick-up inageuza humo. Linatoka kwenye mbuga, linapita katikati ya mashamba ya uwele, linamwaga moja kwa moja kwenye mdomo wa bwawa. Mjomba alishuka chini, akachukua udongo wa ukutani akausugua kiganjani, akanipa. Ni ule ule. Rangi ile ile niliyoitoa kwenye shavu la yule perege.

Mkono: upande wa korongo, kiganja kimepotea kabla ya kifundo, kahawia. Upande wa tuta kimepotea karibu na kiwiko, na maji yana kijani. Kwa hiyo ni mabwawa mawili ndani ya moja.

Mashimo: Babu, tulikaa kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne. Upande wa korongo sifuri. Upande wa tuta, penye mchanga kidogo uliobaki, tulihesabu kumi na saba. Kuna dume mmoja alikuwa anamfukuza mwenzake aliyemzidi ukubwa mara moja na nusu. Mwalimu alitaka kupiga picha, kivuli chake kikaanguka majini, wote wakapotea, mjomba akamsema mpaka tunafika kwa bodaboda. Mdiria nilimwona, tawi moja, asubuhi zote mbili nilizokwenda. Ya tatu mvua ilinizuia.

Kwa hiyo samaki wapo, na wanazaa wenyewe. Vifaranga tumeachana navyo, na muuzaji ameniondoa kwenye orodha yake ya wateja kwa ujumbe mrefu.

Kijiji: tulikaa na kamati ya maji, na Dada Sauda, nilimwita yule jamaa wa kokoro kwa jina lake la heshima, sio lile tunalomwita sisi. Ana watoto sita. Alisema kitu kimoja ambacho kilininyamazisha: siku tuta lilipopasuka yeye ndiye alikuwa wa kwanza kufika na jembe, na sisi tulikuja siku ya tatu na simu za kupigia picha. Mimi nilikuwa mmoja wao. Sasa ni mlinzi, usiku tano kwa wiki, shilingi 60,000 kwa mwezi kwa miezi mitatu ya mwanzo, baada ya hapo kijiji na sisi tutazungumza. Kokoro hajalisalimisha. Amesema limeoza. Tumekubali kuamini.

Kazi: vizuizi tisa vya mawe vimekamilika, vinne bado. Mkonge tumepewa bure na mtani wa mjomba, miche kama mia mbili. Mawe ya mnywesho yanakuja wiki ijayo.

Uvuvi: mkutano wa kijiji umekubali kambale tu, Jumamosi mbili kwa mwezi, saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi, mtu wa kamati akiwepo na ndoano zikikaguliwa. Afisa uvuvi amepewa nakala ya muhtasari na ametuelekeza kila mmoja akate leseni. Perege watazungumzwa baada ya mvua zijazo, tukishaona kama upande wa korongo umepata hata shimo moja. Upande wa tuta umefungwa kabisa, hata kwa kambale.

Waliotaka hela zao wamerudishiwa, 105,000 kila mmoja. Kwenye mfuko zimebaki 318,000. Risiti zote nimezipiga picha nimeziweka kwenye kundi, mpaka ya maji ya kunywa ya mafundi. Yule aliyeandika "wengine wamekalia hela" ameweka dole gumba. Hajasema kitu.

---

Jirani Mwenye Shaka

Nimefuta shaka. Kidogo.

---

Mrangi Mstaafu

Mvua ya kwanza kubwa ikinyesha, siku hiyo hiyo kapige doria kwenye vizuizi. Kimoja au viwili vitabomoka, ndiyo kawaida yake, virudishie kabla ya mvua ya pili. Usingoje Jumamosi.

---

Mlevi wa Kambale

Jumamosi ya kwanza lini? Nina sabuni ya mche miche miwili hapa.

---

Babu Chelezo

Na ndala?

---

Mshipi wa Dom

Babu, ndala haijaonekana 😂 Jumamosi ijayo saa kumi na mbili. Mlevi, njoo na leseni.